Skuta Iliyogoma Kuwaka Hirbadaw

Kornelia alipofika kwenye boma la Gidahosh, upande wa Getanuwas, jua lilikuwa limeshazama na mwenyewe Gidahosh alikuwa ameshafunikwa shuka.

Alikuwa ametembea njia nzima kutoka zahanati, mkoba wa dawa begani, chupa za dripu zikigongana ndani yake kila alipokanyaga vibaya. Alipiga magoti, akafunua shuka, akashika shingo ya mtu yule. Ilikuwa ya baridi. Paja la kulia lilikuwa limevunjika juu ya goti na kuvimba kama gogo. Kitambaa walichomfungia ndugu zake kilikuwa kimelowa damu, kikakauka, kikalowa tena.

"Tulikungoja," alisema Angela, mke wa marehemu. Hakupaza sauti. "Tangu mchana tulikuwa tunasikiliza mlio wa pikipiki yako. Yeye anauliza, bado? Tunamwambia bado. Mpaka akaacha kuuliza."

"Angela, skuta iligoma kuwaka."

"Asubuhi ilipita hapo barabarani ikienda Dirma. Ikarudi. Niliiona kwa macho yangu."

Mzee Gidamis, kaka mkubwa wa marehemu, alikuwa amesimama penye mlango wa zizi akiegemea fimbo yake. Kornelia aliinuka akamwamkia.

"Shikamoo, mzee."

Mzee hakuitikia. Tangu Kornelia apangiwe kazi huku bondeni, hakuna mtu mzima aliyewahi kuiacha shikamoo yake ianguke chini namna ile.

"Ng'ombe wetu wakiingia kwenye ngano," alisema mzee, "magari ya shamba yanawaka yote. Mtu wetu akigongwa, hata pikipiki moja haiwaki. Ninyi watu wa milimani ni wamoja."

Kornelia aliosha maiti pamoja na wanawake, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi pekee iliyobaki, na hakuna aliyemwambia asante.

Alikuwa muuguzi mkunga, mzaliwa wa Mbulu kule milimani, mwanamke mnene kidogo wa miaka arobaini na ushee, na ndiye msimamizi wa zahanati ndogo iliyokuwa kando ya shamba la ngano la serikali, sehemu za Hirbadaw. Miaka ile ngano ilikuwa imefika kila mahali. Matrekta yalilima mpaka kwenye njia za zamani za ng'ombe, na wafugaji waliokuwa wakipita kwenda kwenye maji sasa walikuwa wakikimbizwa na walinzi ndani ya pikapu. Zahanati ilitibu pande zote mbili. Kornelia alijivunia jambo hilo kuliko kitu kingine chochote, na usiku ule alipolala kwenye kibanda cha jirani wa Angela, hakupata hata lepe la usingizi. Alikuwa anaurudia mchana ule kichwani, kipande kwa kipande.

Alirudi kutoka Dirma kuchanja watoto kabla ya saa sita. Skuta ilikuwa inawaka vizuri kabisa. Aliiegesha nyuma ya zahanati, kwenye kivuli, akaenda nyumbani kwake ng'ambo ya uwanja kupika na kula. Aliporudi saa nane hivi alimkuta Bura, mtoa dawa wake, mlangoni akifuta mikono kwa taulo. Mikono ilikuwa na weupe weupe hadi kwenye kucha.

"Umekanda chapati?" alimtania.

"Nimesonga ugali, dada. Unga umenirukia."

"Kuna mgonjwa yeyote aliyekuja nikiwa nyumbani?"

"Hakuna. Kimya kabisa."

Hapo hapo ndipo shemeji yake Angela alipotokea mbio, akihema. Gidahosh amegongwa na gari pembeni ya ngano, mguu umevunjika, damu haikati. Kornelia alinyakua mkoba, akapiga kiki. Akapiga tena. Skuta ilikuwa inakohoa mara moja na kunyamaza. Bura alikuja kusaidia. Alifungua plagi, akaisafisha kwa shati, akairudisha. Alifungua tangi akanusa. "Petroli ina maji hii," alisema. "Dada, utapoteza muda bure. Wewe nenda kwa miguu, skuta niachie, kesho nitaipeleka karakana mwenyewe." Kornelia alikuwa amemtuma mtu ofisi ya shamba kuomba gari, akaambiwa magari yote yako mashambani na makombaini, kwa sababu ngano ilikuwa inavunwa, na pikapu imekwenda Katesh kutafuta vipuri.

Basi akaenda kwa miguu.

*

Kesho yake asubuhi Land Rover ya polisi iliwachukua Kornelia, Angela na mzee Gidamis, ikawapeleka zahanati. Aliyeongoza alikuwa Sajenti Hhando, mtu mrefu, mkimya, naye pia mzaliwa wa Mbulu. Mzee Gidamis aliposikia jina lake alitema mate pembeni.

Sajenti alivuta benchi la wagonjwa mpaka nyuma ya zahanati, ilipokuwa skuta, akawakaribisha wafiwa wakae. Bura alisimama ukutani na koti lake jeupe. Joakimu, mlinzi wa zahanati, alikuwa amesimama mbali kidogo akishika kofia yake kwa mikono miwili.

"Mambo ni mawili," alisema Sajenti. "Kuna mtu aliyemgonga marehemu akakimbia. Huyo tunamtafuta, na magari ya shamba ni mengi. La pili ni hili la huyu muuguzi. Familia inasema alikataa kwenda. Sista Kornelia, wewe unasemaje?"

"Sikukataa. Skuta iligoma."

"Ilikuwa na ubovu gani?"

"Sijui."

"Basi tuutafute. Ukiuona ubovu, utakuwa umejieleza. Usipouona, itabidi ueleze kwingine."

Bura alikohoa. "Afande, mimi niliiangalia jana. Petroli ina maji. Na samahani kusema hivi, lakini Joakimu ana mpira wa kunyonyea mafuta. Uko nyuma ya stoo."

Macho yote yalimgeukia Joakimu. Sajenti alikwenda stoo, akarudi na kipande cha mpira mwembamba na chupa ya soda. Aliinusa chupa.

"Haya, mzee wangu. Hii ni nini?"

Joakimu aliikunja kofia yake. "Petroli, afande."

"Uliinyonya wapi?"

"Humo. Kwenye skuta. Jana."

"Saa ngapi?"

"Mchana, sista alipokwenda kula. Chupa moja tu. Nilitaka kuosha baiskeli, mnyororo umejaa tope."

"Ukajazia maji, ili isijulikane?"

"Hapana! Mungu ananiona, sikuweka maji."

Mzee Gidamis aliinuka kwenye benchi. "Huyo huyo! Kwa ajili ya baiskeli mdogo wangu amekufa?"

"Kaa, mzee, tafadhali," alisema Sajenti. Lakini alikuwa ameshatoa pingu.

Kornelia ndiye aliyemzuia. Alijua kwamba mtu asiyepimwa hapewi dawa. "Afande, ngoja kwanza. Maji hayafichiki."

Alichukua glasi ya kupimia dawa, akachomoa bomba la mafuta chini ya koki, akaifungua. Petroli ilitiririka vizuri ndani ya glasi, rangi yake ya kawaida. Aliiinua juani wote waione. Wakangoja. Maji ni mazito, yangeshuka chini ya glasi na kukaa peke yake. Hayakushuka.

"Hakuna maji," alisema Sajenti polepole. "Na mafuta yapo ya kutosha?"

"Nusu tangi. Chupa moja ya soda haiwezi kuisimamisha." Alimgeukia Joakimu. "Kuiba umeiba, na tutazungumza. Lakini hukuua mtu."

Joakimu alifunika uso kwa kofia.

Kornelia alirudisha bomba, akafungua plagi. Ilikuwa imelowa petroli, maana yake mafuta yalikuwa yanafika ndani. Aliikausha, akaivika waya wake, akaigusisha kwenye chuma cha injini. "Afande, nipigie kiki." Sajenti alipiga. Cheche ya bluu ikaruka, kali, mara moja, mara mbili.

"Moto upo," alisema Sajenti. "Mafuta yapo. Hewa je?"

Kornelia alirudisha plagi, akatoa kichujio cha hewa. Kilikuwa na vumbi na makapi ya ngano, kama kila kitu katika mwezi ule wa mavuno, lakini hakikuwa kimeziba. Alipiga kiki bila kichujio. Skuta ikakohoa, ikanyamaza. Angela alikuwa anamwangalia kwenye benchi bila kupepesa macho.

"Karakana wana vifaa," alisema Bura. "Hapa tunapoteza muda tu. Mimi nitaisukuma mwenyewe."

Kornelia alisimama na spana mkononi. Kuna kitu katika maneno yale kilichomkwaruza. Jana Bura aligusa plagi, akagusa tangi. Alikuwa anajua skuta vizuri, kwa sababu Kornelia mwenyewe ndiye aliyemfundisha. Kila ugonjwa wa skuta ile walikuwa wameutibu pamoja. Lakini mahali pamoja hakupasogelea kabisa.

Alizunguka nyuma, akachuchumaa, akaweka kiganja kwenye mdomo wa eksozi.

"Piga tena, afande."

Sajenti alipiga kiki tatu mfululizo. Kiganja cha Kornelia hakikusikia hata pumzi. Injini inayovuta hewa mbele lazima iitoe nyuma. Hii ilikuwa imeshikwa koo.

Aliingiza waya wa baiskeli ndani ya bomba. Uliingia urefu wa kidole, ukagonga kitu kigumu kama jiwe. Mbele yake palikuwa pamepakwa masizi, ndiyo maana mtu aliyechungulia angeona weusi tu. Alikwangua. Unga mweupe ukamwagika kwenye kiganja chake, na ndani ya ule unga kulikuwa na nyuzi.

Kornelia alikaa chini, pale pale vumbini.

Nyuzi zile alizijua. Alikuwa amezifunga kwenye mikono na miguu ya watu isiyohesabika. Ilikuwa bendeji ya plasta, ile ya kufungia mifupa iliyovunjika, ambayo unailoweka majini, unaizungusha mguuni, na baada ya dakika chache inakuwa ngumu kama ukuta. Ilikuwa inakaa katika kabati la chuma ndani ya chumba cha dawa. Kabati lilikuwa na funguo mbili. Mmoja ulikuwa shingoni mwake.

Alikumbuka mikono yenye weupe hadi kwenye kucha. Alikumbuka taulo.

Bura alikuwa ametoka kijiji kimoja naye kule Mbulu. Mama zao walichota maji kisima kimoja. Kornelia ndiye aliyemzalisha mke wa Bura mtoto wa kwanza, na mtoto akapewa jina lake. Kama angetupa ule unga chini na kusema sioni kitu, hakuna ambaye angejua isipokuwa wao wawili. Angebaki na aibu yake. Angehamishwa, na maisha yangeendelea.

Aliinua macho akakutana na macho ya Angela.

"Afande," alisema, na sauti yake mwenyewe ikamshangaza jinsi ilivyokuwa kavu. "Eksozi imezibwa kwa makusudi. Imezibwa kwa bendeji ya plasta kutoka kabati langu. Funguo ziko mbili. Huu ni wangu. Mwingine anao Bura."

Bura alitoa tabasamu la mtu aliyesikia utani mbaya.

"Dada, hata wewe? Mtu yeyote anaweza kuokota bendeji."

"Jana nilikuuliza kama kuna mgonjwa aliyekuja nikiwa nakula. Ulisema hakuna."

"Na hakukuwa na mtu."

"Alikuwapo," alisema Joakimu.

Alikuwa ameivua kofia usoni. Alisogea hatua, akasimama karibu na Sajenti kama anayetafuta ukuta wa kuegemea. "Sikusema jana kwa sababu ningeulizwa nilikuwa nafanya nini nyuma ya zahanati. Nilikuwa nimeinama na mpira wangu, nikasikia gari. Pikapu ya shamba. Ilisimama nyuma ya miti, siyo mbele. Akashuka Tluway, mdogo wake Bura, yule dereva. Paji la uso linavuja damu. Akaingia kwa mlango wa nyuma. Nikakimbia na chupa yangu nisionekane. Baadaye kidogo pikapu ikaondoka."

"Ikaelekea Katesh?" aliuliza Sajenti.

"Hapana, afande. Ilishika njia ya mlimani. Ya Mbulu."

Sajenti Hhando alimgeukia Bura. Hakupandisha sauti. "Nieleze kwa nini paji la uso la mdogo wako lilikuwa linavuja damu."

"Aligonga kioo."

"Kioo cha gari?"

"Alipofunga breki."

"Alifunga breki kwa sababu ya nini?"

Bura alitazama juu kuelekea mlima Hanang, ambao ulikuwa umefunikwa wingu mpaka nusu, halafu akatazama mikono yake.

"Alikuwa anafukuza ng'ombe," alisema. "Ndiyo kazi aliyopewa. Vumbi lilikuwa jingi, akamkuta mtu mbele. Alinijia analia kama mtoto. Ana miaka ishirini, afande. Wazazi wetu walipokufa nilimlea mimi. Akaniambia, kaka, ni mguu tu, amevunjika mguu, lakini ameniona. Amenitazama usoni. Akisema jina langu, ndugu zake watanimaliza kabla polisi hawajafika."

"Kwa hiyo?"

"Nilijua watakuja kumwita dada. Nilijua akifika pale na dawa, mtu atapata nguvu na ataongea. Nilitaka masaa tu. Tluway afike kwa shangazi yetu, apite, aende mbali. Nilidhani dada atachelewa, lakini atafika. Kuua sikutaka, naapa."

"Bura," alisema Kornelia. "Yule kijana alipokuja mbio alisema damu haikati. Ulikuwa umesimama hapa. Wewe ni mtoa dawa, siyo mkulima wa ngano. Paja likivunjika damu inakwenda wapi?"

Bura alijifuta mikono kwenye koti lake.

"Ulisikia damu haikati, na bado ukasafisha plagi mbele yangu. Ukairudisha vizuri. Ukaniambia niende kwa miguu."

"Yule ni mdogo wangu, dada. Ungefanyaje?"

Angela aliinuka kwenye benchi. Ilikuwa mara ya kwanza kutoa sauti tangu wafike. "Hakumwona," alisema.

Bura alimtazama bila kuelewa.

"Mume wangu hakumwona mtu. Aligongwa kwa nyuma. Alipoanguka aligeuza kichwa upande wa gari, lakini vumbi lilimjaa machoni. Tulimuuliza, nani? Akasema, sijui, vumbi tu. Tulimuuliza mara nyingi. Hakuwa na jina la kusema."

Bura aliteleza ukutani mpaka chini. Pingu zilizokuwa zimetolewa kwa ajili ya Joakimu zilimfaa yeye. Mzee Gidamis alimtazama akifungwa, fimbo mkononi, na watu wote pale walikuwa wanaitazama ile fimbo. Mwishowe mzee aliiweka chini, juu ya majani, akaketi tena.

Plasta haikutoka. Sajenti alijaribu kwa nyundo na patasi, akaacha. Alimwomba Kornelia afungue eksozi nzima, ili aichukue kama kielelezo pamoja na kilichomo ndani. Kornelia alilegeza nati zake, akamkabidhi lile bomba zito jeusi kama anayekabidhi mtoto aliyekufa tumboni.

"Sasa niione ikiwaka," alisema Sajenti. "Nitahitajika kuapa mahakamani."

Kornelia alipiga kiki moja. Skuta iliwaka papo hapo, na bila eksozi mlio wake ulikuwa kama wa trekta. Kuku walitawanyika. Angela aliketi, akaziba masikio yake, akainama mpaka paji la uso likagusa magoti, na kilio ambacho hakuwa amekitoa usiku kucha kilimtoka pale, ndani ya kelele, ambapo hakuna aliyeweza kukisikia. Kornelia alizima haraka. Kilio kikabaki peke yake.

Tluway alikamatwa jioni ile kwa shangazi yake, amejificha ndani ya ghala la mahindi. Alipoambiwa kwamba mtu amekufa, polisi walisema, aliuliza mara mbili, "Kwa mguu tu?"

Siku ya tatu mzee Gidamis alikuja zahanati. Kornelia alimwamkia, na safari hii aliitikia, "Marahaba," kwa sauti ndogo. Hakuomba radhi, wala Kornelia hakuitegemea. Alisema mjukuu wake ana homa na macho yake yamegeuka manjano, akauliza kama sista anaweza kufika.

"Nitafika, mzee. Ila skuta inapiga kelele sana. Eksozi mpya bado haijapatikana."

"Iache ipige," alisema mzee.

Basi Kornelia aliwasha, akashika njia ya Getanuwas katikati ya ngano iliyokwisha kukatwa. Watoto walimsikia kutoka mbali wakatoka mbio kwenye maboma. Alipokaribia boma la Gidahosh alimwona Angela amesimama mlangoni. Kornelia alikumbuka jinsi alivyoziba masikio, akafunga petroli, akazima, akashuka. Alishika usukani kwa mikono miwili akaanza kuisukuma skuta barabarani kimya kimya, jasho likimtoka, tairi zikizama kwenye vumbi.

Angela alimwangalia hadi alipofika mbele ya lango. Halafu alitoka, akazunguka nyuma ya skuta, akaweka mikono yake kwenye kiti cha abiria, akasukuma.